Pigo la Tatu

Kwetu neno ni moja: kujitetea.
Kwa mkono, unajitetea.
Kwa ulimi, mbele ya hakimu, unajitetea pia.
Hapa Hull ni maneno mawili, tena hayasalimiani,
na mimi nimekodiwa kwa saa
nikae katikati yao na glasi ya maji.

Mshtakiwa ni Byamungu Zihindula, kinyozi wa Spring Bank,
mzaliwa wa Uvira. Kiswahili chake kinakwaruza changu cha Tanga
kama kiti kinachoburutwa chumba cha juu,
lakini tunaelewana.

Kamera ya duka haina lafudhi.
Saa tatu na dakika kumi na nne usiku:
mlevi anaingia, mkononi chupa iliyovunjwa shingo.
Byamungu ananyakua mpini wa ufagio.
Pigo la kwanza: mkono wa chupa.
Baadaye jaji, wigi limekaa upande kidogo,
atawaambia wale kumi na wawili: hilo lilikuwa haki yake.
Hakulazimika kukimbia, japo mlango wa nyuma ulikuwa wazi;
wala aliyevamiwa hadaiwi kupima nguvu zake
kwa mizani ya sonara.
Natafsiri. Byamungu anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Pigo la pili: bega. Chupa bado ipo.
Hilo nalo, jaji atasema, kalijadilini.

Kisha chupa inaanguka,
inabingirika mpaka chini ya kiti cha wateja,
na mtu anageuka, anapapasa mlango,
anaupata, anatoka, mvua inampokea.
Sekunde nne. Nimezihesabu mara tatu
kwa kuwa mwendesha mashtaka amezirudisha mara tatu.
Ndani ya sekunde nne sheria inavuka barabara
na kwenda kusimama na mlevi.

La tatu ni la kisogoni. Limetua nje, penye lami.

"Kwa nini ulimfuata?"
Nalitamka swali polepole, nimpe nafasi,
ingawa si kazi yangu kumpa mtu nafasi.
Nayajua majibu ambayo yangemfaa:
nilidhani atarudi; niliona mkono ukiingia mfukoni.
Labda kweli alidhani. Wangemsikiliza,
hata kama alikosea, mradi alidhani kwa dhati.
Majibu yananing'inia pale kama nguo kwenye kamba,
nami nimeapa kutozigusa.

Byamungu anainua kidevu.
"Dawa ya moto ni moto," anasema.

Ningefanyaje?
Kwetu ni msemo wa kunywea chai.
Mama humwambia mtoto aliyesukumwa shuleni,
timu iliyofungwa huusema kabla ya marudiano.
Niliutoa kama ulivyo, neno kwa neno,
na kwa Kiingereza ukatoka uchi,
hauna mama, hauna shule,
njiti ya kiberiti tu, tena imewashwa.
Mwanamke wa safu ya mbele akauandika.
Nikaiona kalamu yake ikipiga mstari chini yake,
halafu mwingine.

Mlevi anaitwa Craig Holroyd. Amekuja na dada yake.
Sikio lake la kushoto halisikii tena.
Kila nikifungua kinywa ananigeuzia la kulia,
kwa adabu, kama mtu anayeulizwa njia.

Jioni, chini mahabusu, wakili akiwa kwenye simu,
Byamungu aliniuliza: "Ule msemo wangu, uliuwekaje?"
Nikamwambia: kama ulivyousema.
Akanyamaza. Akapapasa shavu alilojinyoa mwenyewe asubuhi.
"Kwani hawa, moto wao wanauzima kwa nini?"
"Kwa maji," nikasema. "Na hayo nayo wanayapima."

Alicheka, au alikohoa.

Wale kumi na wawili wangali ndani hadi leo, siku ya pili.
Mimi nimejaza fomu yangu: saa sita na nusu, nauli ya basi.
Kisanduku cha mwisho kinauliza
kama kuna lolote lililonitatiza katika tafsiri.
Nimeandika hapana,
kisha nikarudi juu kusahihisha tarehe.